Jina Lilibaki na Nyumba

Gunvor alikuwa na miaka tisini na tatu na hofu moja: kuzikwa na mchungaji na watu wa manispaa, basi. Kufa kwenyewe hakukumtisha. Alikuzungumzia kama mtu anayejiandaa kuhama nyumba. Lakini aliwahi kuhudhuria mazishi ya jirani yake pale Hallonbergen, pembeni mwa Stockholm, viti arobaini na yeye peke yake, na tangu siku hiyo aliniuliza kila nilipokuja kumvalisha soksi: "Kimani, unadhani nina ndugu mahali?"

Mimi nahudumia wazee majumbani. Miaka kumi na minane sasa napanda ngazi za watu na funguo zao mfukoni, dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, na simu ya kazi inahesabu. Gunvor hakuwa na mume wala mtoto. Katika nchi hii hata bibi wa umri ule unamwita kwa jina lake tupu; ulimi wangu uligoma mwaka mzima, mwishowe nikaamua kumwita shosho, bibi kwa lugha ya kwetu, naye akalipenda.

Alichokuwa nacho ni masimulizi ya mama yake tu, kwamba wao ni watu wa Rask, askari aliyepigwa risasi ya paja kule Finland akipigana na Warusi, mwaka 1808. Rask maana yake mwepesi. Mwepesi huyo alirudishwa kwao Uppland juu ya mkokoteni, mguu umekauka kama ukuni, akaishi miaka thelathini zaidi bila kukimbia hata siku moja.

Nikamwambia shosho aniachie mimi kazi hiyo. Nilijiona mjanja. Kwetu Murang'a kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mimi ni Kimani kwa sababu babu yangu alikuwa Kimani, na mwanangu ni Njoroge kwa sababu baba yangu alikuwa Njoroge. Ukitaka kujua damu imepita wapi, fuata jina. (Njoroge mwenyewe, aliyeko Malmö, amemwita mwanawe Elliot, nami sijampigia simu tangu Pasaka. Hayo tuyaache.)

Siku zangu za mapumziko zikaishia kwenye chumba cha kusomea cha hifadhi ya nyaraka, nikipekua kwenye kompyuta vitabu vya kanisa, vilivyoandika watu wa kila nyumba. Mwandiko wa wachungaji wa zamani, utadhani kuku amekanyaga wino. Hata hivyo nikampata: Anders Rask, mke Brita, watoto watatu, nyumba ndogo ya askari. Aliachishwa jeshi mwaka 1810 kwa sababu ya jeraha. Mwaka uliofuata, nyumba ile ile, nikaona Erik Rask. Huyu mdogo wake, nikasema, amerithi mzigo wa nduguye. Baada ya Erik akaja Johan Rask, baada ya Johan akaja Karl Rask. Mwana na mjukuu hao, wangekuwa akina nani tena? Nikashuka na jina hilo hadi kwa Lennart Rask, fundi bomba mstaafu wa Akalla. Nilipompigia alisema ukoo wake anaujua vizuri na angefurahi kuja. Nikamwambia shosho nimempatia ndugu, akanishika mkono akashindwa kuuachia.

Jumapili hiyo alitaka nimtengeneze nywele. Alivaa blauzi ya buluu, akaniagiza nitoe vikombe vya harusi ya mama yake. Lennart akaja na maandazi ya mdalasini. Walikunywa kahawa, wakasifia hali ya hewa, kisha Gunvor akamuuliza kama anajua lolote juu ya babu yao Anders, yule wa mguu. Lennart akaweka kikombe chini. Akanitazama mimi.

"Anders si babu yangu," alisema. "Mimi ni wa Erik, na Erik hakuwa ndugu yake. Zamani askari alipewa nyumba pamoja na jina la kazi. Akiumia, vyote viwili anamwachia anayechukua nafasi yake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miezi yote ile napekua, na sikumuuliza mhifadhi hata swali moja, nami nimelelewa nikiambiwa kuuliza si ujinga. Na huyu niliyemleta anywe kahawa ya shosho alikuwa uzao wa mtu aliyeingia siku Brita na watoto wake walipotolewa vyombo nje.

Gunvor alikisogeza kikombe chake pembeni.

"Kwa hiyo jina lilibaki na nyumba," akasema, "na sisi tukaondoka na mguu."

Lennart akaomba radhi kwa jambo la miaka mia mbili iliyopita. Shosho akamwambia hana kosa, akamfungia maandazi yaliyobaki. Alipoondoka, akaniomba nimvue ile blauzi. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikarudi kwenye vitabu, safari hii nikaufuata mguu. Anders alihamia kibanda cha pembeni ya msitu, akawa anachonga vijiko na meno ya reki. Brita alifua nguo za watu. Mwana mmoja alikufa kwa surua; wa pili alishuka Stockholm kutafuta kazi bandarini na vitabu havimtaji tena. Aliyebaki ni binti, Stina. Ndiye aliyemwogesha baba yake na kumfunga jeraha ambalo halikupona sawasawa, kazi yangu hii hii, bila simu ya kumhesabia dakika. Baba alipokufa ndipo akaolewa. Kutoka kwake ni mabinti watupu. Wiki niliyomaliza kuwaandika, Gunvor alikuwa hospitalini, hajitambui. Nilimsomea hivyo hivyo.

Alizikwa mwezi Machi. Tulikuwa wawili, mimi na Lennart, aliyekuja bila kuitwa na kukaa nyuma kabisa. Mchungaji akauliza kama kuna mtu wa familia mwenye neno. Lennart akatikisa kichwa. Mimi nilikwisha kumletea shosho ndugu wa uongo mara moja. Sikuthubutu kujifanya wa pili. Nikasimama, nikasema mimi ni mfanyakazi tu, ila kwetu kwenye mazishi husomwa marehemu ni wa nani na ameacha nani.

Nikasoma. Anders, aliyepigwa risasi. Stina wa Anders, aliyemuuguza. Johanna wa Stina. Hilma wa Johanna. Elin wa Hilma. Gunvor wa Elin. Kisha nikafika mahali pa kusema ameacha nani. Mchungaji akasubiri. Nikakunja karatasi, nikakaa.