Usingizi wa Chumba cha Mdalasini

Barua iliyonitoa mjini ilikuwa fupi. Bi Mwanaidi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokausha mdalasini juu ya Matombo, alieleza kwamba wafanyakazi wake wanasinzia mchana kweupe. Mmoja alikuwa ameanguka kazini. Wengine walianza kunong'ona kwamba chumba cha kukaushia kina wenyewe. "Njoo utuangalie," alimalizia. Kazi yangu ndiyo hiyo: kukagua mahali pa kazi na kutafuta kinachoweza kumdhuru mtu kabla hakijamdhuru.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Morogoro nimepakiwa na dereva wa pikipiki. Ilikuwa masika, na Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu mpaka kiunoni. Kila tulipovuka kijito nilihisi nimeiacha sauti moja ya dunia nyuma yangu: kwanza honi, kisha redio, kisha hata kuku.

Saa nne tulifika Matombo. Kilima kilichofuata kiliishinda pikipiki, nikapanda kwa miguu kati ya migomba. Ukungu ulinipita taratibu, na watu nisiowaona walinisalimia kutoka mashambani.

Bi Mwanaidi alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa chapachapa! Ingia upate joto, maswali baadaye."

Chumba cha kukaushia kilikuwa cha matofali, kina madirisha mawili yaliyozibwa kwa nailoni ili unyevu usiingie. Majiko matatu ya mkaa yalikuwa yanawaka chini ya vichanja vya magome. Asha, binti wa Bi Mwanaidi, alikuwa akigeuza magome peke yake. Mama yake alirudishia mlango, akaenda kutubandikia chai.

Nilikaa juu ya gunia nikaitoa fomu yangu. Sakafu: kavu. Visu: vimehifadhiwa. Hewa: nikavuta pumzi, harufu tamu ikanijaa kifuani, nikaandika "nzuri".

"Hapa ndipo mnaposinzia?" nilimuuliza Asha.

Akacheka. "Utajua mwenyewe, dada. Ukikaa kidogo tu, unaota huku macho yako wazi."

Mvua ilianza kunyesha juu ya bati. Joto lilinipanda miguuni kama mtu anayenifunika shuka. Nilimwona marehemu mama yangu akipepeta mchele, wala sikushangaa. Niliona ni haki yake kuwa pale. Kichwa kilikuwa kinanigonga, lakini kwa mbali, kama mtwangio wa jirani. Nikaitazama fomu: nilikuwa nimeandika neno "mlango" mara nne, mstari ukishuka mpaka nje ya karatasi.

Asha alikuwa amelala kifudifudi kando ya jiko.

Nilijaribu kusimama, nikaanguka. Nilitambaa, nikausukuma mlango kwa bega, nikapiga kelele. Bi Mwanaidi alikuja mbio. Tulimshika Asha makwapani tukamburuta mpaka mvuani. Akatapika, akafumbua macho.

"Mbona mmeniamsha?" alinung'unika. "Nilikuwa harusini."

Majirani walimbeba kwa machela hadi kituo cha afya. Mganga alimwekea hewa ya mtungi, nami nikapewa kidogo. Jioni aliweza kukaa na kunywa uji.

"Kwa hiyo si mizimu?" Bi Mwanaidi aliniuliza tukiwa kwenye benchi la nje.

"Ni mkaa, mama. Ukiwaka ndani pasipo upenyo, unatoa hewa yenye sumu. Huioni, huinusi. Inakulewesha kwanza, kisha inakuua."

"Nailoni ile niliigongomea kwa mkono wangu."

"Nami niliandika kwamba hewa ni nzuri."

Asubuhi ya pili tulirudi kilimani. Bi Mwanaidi aliichana nailoni kwa kisu cha kumenyea magome, pande zote mbili. Majiko yakatolewa nje, na mafundi wakaanza kujenga tanuri la nyuma ya ukuta ili joto liingie na moshi ubaki nje. Wenzake walilalamika kwamba mzigo utachelewa kukauka. "Na uchelewe," aliwajibu.

Niliteremka mchana, ukungu ukifunguka polepole mpaka nikakiona kijiji cha Matombo chini, kidogo na kinachong'aa. Nilikuwa nimezoea kuitafuta hatari kwenye vitu vinavyotisha: nyaya zilizo wazi, misumeno, mashimo. Siku hizi nikiingia mahali pa kazi, nikajisikia raha isiyo na sababu, nawatoa watu nje kwanza. Kuuliza kunafuata.