Kangaga la Kula na Kangaga la Kuacha

Harufu ya tope la Tana maji yanapoanza kurudi mtoni siipendi mpaka leo. Wengine hunusa rutuba, mimi nanusa damu. Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, sisi Wapokomo, watu wa shamba, tuliishi kijiji kidogo kati ya Garsen na Chara. Mafuriko yakipungua, mama alinichukua kuchuma kangaga dogo linaloota madimbwini, lile lenye majani manne juu ya kijiti kimoja. Ndilo lililotushikilia roho tukisubiri mahindi mapya. Lakini kangaga hilo lilikuwa na pacha wake, wamefanana mno, na huyo pacha alikuwa sumu. Macho hayakusaidia kitu. Mama aligeuza jani, akaligusisha mdomo wa chini: la kula lina vinyweleo vinavyochoma kidogo, la kuacha ni laini kama ukucha. Nilipokosea alinichapa kofi la mdomo hapo hapo, mkono ukiwa na tope. "Utatuua, Habona!" Nilimchukia mama yangu msimu ule, nasema kweli, kwa sababu midomo yangu haikupata nafasi ya kupoa.

Halima, mke wa jirani yetu mfugaji Guyo, alikuwa Muorma. Kila asubuhi alituletea maziwa, nasi tukampa unga. Baba na Guyo walikuwa hawasalimiani, kwa kuwa njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni ilipita kando ya shamba letu, na ng'ombe wa Guyo walikuwa wamelikanyaga mara nyingi hata baba akaapa kumkata mtu. Wanawake hawakujali, wao walikuwa na maziwa na unga. Siku moja Halima alitukuta dimbwini. Ndama wake walikuwa dhaifu, na malisho yote yalikuwa bado chini ya maji.

"Mama Habona, hii nyinyi nakula, ndama naweza kula?"

"Anaweza. Lakini ligusishe mdomo kwanza, hivi."

Halima alicheka hadi akashika kiuno. "Majani ya ng'ombe mimi natia mdomoni? Watu atasema Halima nimekuwa mbuzi!" Kwao mtu hunywa maziwa, majani ni ya mifugo. Akaona haya, akaondoka, akaenda kuchuma peke yake kwa macho.

Ndama walianza kuanguka. Walitetemeka, wakapiga vichwa chini, wakafa wakitoa povu. Guyo alipomuuliza mkewe amewalisha nini, Halima alijibu kwamba ni majani aliyoonyeshwa na mke wa Mpokomo. Guyo hakuuliza la pili. Alikuja na ndugu zake mchana kweupe, wakikokota ndama mfu, wakamkuta baba akilima, mimi na mama tukiwa kando na kikapu chetu cha kangaga. "Wewe naua ndama yangu kwa sababu ya shamba!" alipiga kelele. Baba aliinua jembe, na mkuki wa Guyo ukamwingia pajani, ukatokea upande wa pili, kisha Guyo akauchomoa. Nilisikia mlio wa baba. Sijausahau, na siwezi kuuelezea.

Mama hakumkimbilia baba. Alichukua panga, akampasua yule ndama tumbo mbele ya wanaume wote, akaingiza mikono mpaka viwikoni na kutoa majani ambayo hayajasagika. Alikuwa akilia na kutukana kwa pamoja. Halima alikuwa amewafuata mbio. Mama alimsukumia jani moja la tumboni kwenye midomo kwa nguvu, kama alivyonifanyia mimi. Kisha akachukua jingine kwenye kikapu chetu, akamgusisha nalo. Halima alikaa chini kwenye tope. "Guyo," alisema, "ni mimi. Mimi nalisha hawa. Guyo, ni mimi."

Guyo aliuangusha mkuki. Alilichukua lile jani laini kutoka mkononi mwa mkewe, akaligusisha mdomo. Nilimwona uso ukimbadilika. Akamtazama baba aliyekuwa akivuja damu, akafungua mdomo kusema. Amu Buya, mdogo wa baba, alikuwa ametokea nyuma ya Guyo na panga. Mama alipiga kelele, "Buya, basi! Imejulikana!" Buya alikuwa amesikia yote. Akamkata shingoni.

Baba alipona, akachechemea maisha yake yote. Halima hatukumwona tena, na maziwa yakakoma. Mimi sasa ni bibi, nanunua sukuma wiki sokoni Garsen, na wajukuu wangu hawajui kangaga ni nini. Kila malisho yanapokauka nasikia vijana wa pande zote mbili wakitishana, na wazee wanasema amani itakuja watu wakielezwa ukweli. Ukweli tuliutoa tumboni mwa ndama kwa mikono yetu, Guyo akauonja kwa mdomo wake mwenyewe, na panga likashuka vilevile.