Mngoje Mpaka Akuone

Siku ile ya msituni bado iko nami, mwanangu Nasra, mpaka harufu ya misonobari iliyopigwa na jua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Dar es Salaam kwa mara ya kwanza maishani, niko Ufaransa juu ya baiskeli. Na siku hiyo nilikaribia kumpoteza mtu aliyenipenda kama mama yangu mzazi.

Jana hukunipa nafasi ya kusema, ulifunga mlango. Sijakasirika. Nimekaa hapa dukani mtaa wa Dengfeng kati ya maboksi, wateja wa asubuhi bado hawajaamka, nikasema niandike, usome ukitulia, na wenzako wanaofika hapa Guangzhou kila wiki wasome pia. Nilikutuma umpeleke mgeni wetu Bi Mwanahamisi kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Mama wa watu ana siku mbili tu tangu ashuke uwanja wa ndege wa Baiyun, simu yake haina hata laini ya hapa. Pale mnapobadilisha treni ukapanda ngazi na wenzako, yeye akabaki kule chini. Nilipokupigia kukuuliza yuko wapi, ulinijibu, "Yuko nyuma, Mama, anakuja." Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Mjomba wangu Hamadi alikuwa anaishi katika mji mdogo wa Ufaransa, sehemu yenye misitu na maziwa mengi, ukitoka ziwa hili unaingia msitu, ukitoka msitu unakuta ziwa jingine. Alikuwa fundi wa baiskeli, anakodisha baiskeli za milimani kwa watu wa likizo. Mkewe, Bi Aziza, alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano, na mwaka ule alikuwa ametoka kuumwa. Mama yangu akanituma nikamsaidie miezi mitatu. Daktari alikuwa amemwambia afanye mazoezi, basi mjomba akampa baiskeli. Mama mnene wa miaka hamsini na tano, gauni refu juu ya suruali, pindo la suruali limefungwa ndani ya soksi lisishikwe na mnyororo, helmeti juu ya mtandio.

"Hamadi," alimwambia mumewe asubuhi ile, "baiskeli yako ina gia ishirini na moja, mimi nina magoti mawili tu. Tutaelewana vipi?"

Mjomba alikuwa na sheria moja ya msituni, na watu wote wanaoendesha kwa kikundi kule wanaijua. Njia za msituni zinagawanyika kila mara. Ukifika penye njia mbili, unasimama. Humsubiri kila mtu, unamsubiri yule mmoja aliye nyuma yako tu. Akishakuona, na wewe ukaona kwamba amekuona, ndiyo unaondoka, halafu yeye anasimama hapohapo kumngoja wa nyuma yake. Hivyo hata mkiwa ishirini, hapotei mtu. Siku ile tulikuwa watatu. Mjomba mbele, mimi katikati, Bi Aziza mwisho. Begi la chakula nilibeba mimi, na ndani yake mlikuwa na tende na maboksi ya juisi ya Bi Aziza, kwa sababu sukari yake ilikuwa ikishuka ghafla.

Njia ilikuwa nzuri, mwanangu, nisikudanganye. Mizizi ya miti imetokeza juu, baiskeli inaruka, majani makavu ya misonobari yanalia chini ya tairi, halafu ghafla miti inafunguka unaona maji yanang'aa. Mimi baiskeli niliijua tangu utotoni, nikawa naenda kwa raha. Lakini kila penye njia mbili nilipaswa kusimama na kungoja dakika tano, mara nyingine kumi, mpaka nisikie breki za Bi Aziza zikilia na sauti yake ikisema, "Nipo, nipo, msigawane urithi."

Tulichelewa sana. Tulipanga kula na kusali Adhuhuri ziwani, na nilipofika kwenye njia panda ya mwisho nikatazama saa yangu: tisa na nusu. Kwetu Dar ikifika saa tisa na nusu, Alasiri iko mlangoni. Ilikuwa siku yangu ya tano tu Ufaransa, na nyumbani Bi Aziza ndiye aliyekuwa akiniita tunasali, sikuwahi kuitazama ratiba iliyobandikwa kwenye friji. Niliona najua. Mjomba alishaniona, alishaondoka. Nikangoja kidogo. Kimya. Basi nikachora mshale mkubwa mchangani kwa kisigino, unaoelekea kulia, nikajiambia Mungu ananiona, nikapanda baiskeli.

Nilitawadha kwa maji ya ziwa, ya baridi mpaka mifupa, nikasali. Nakuambia ukweli, ile sala niliisali kwa raha. Nilipotoa salamu, mjomba alikuwa ameshatandika mkeka.

"Mwenzako yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko nyuma, Mjomba, anakuja."

"Nyuma wapi?"

Nikageuka kuitazama njia.

"Alikuona?"

"Nimemchorea mshale."

Mjomba hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Aliliangalia begi mgongoni mwangu, lile lenye tende, akaichukua baiskeli yake akaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake. Nikamfuata nalia. Kwenye njia panda mshale wangu ulikuwepo, mzuri, haukufutika hata kidogo. Na pembeni yake alama ya tairi imepita inakwenda kushoto. Mtu anayeshuka kilima anatazama mbele, hatazami chini.

Tulitafuta karibu nusu saa. Njia ile ilikuwa inaingia kwenye majani marefu, kando ya ghuba ya ziwa. Mjomba anaita, "Aziza! Aziza!" na mimi naita, na msitu umenyamaza. Halafu tukasikia mbwa anabweka. Tukamkuta amekaa chini, ameegemea gogo, helmeti imeteleza upande, jasho linamtiririka, mikono inamtetemeka. Bibi mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akitembea na mbwa wake alikuwa amepiga magoti, anamlisha biskuti vipandevipande kama mtoto. Nikamwita, "Bi Aziza!" Akanitazama, mwanangu, na hakunijua. Macho yalipita juu yangu kama juu ya mtu wa barabarani. Hayo macho ndiyo yaliyoninyoosha, si maneno.

Tukampa juisi, tukampa tende. Taratibu akarudi. Kitu cha kwanza alichoniambia, sauti bado ndogo:

"Umesali?"

"Ndiyo, Bi Aziza."

"Umeniombea?"

Nikainamisha kichwa. Mjomba akageuka akawa anajifuta uso kwa kofia yake, anajifanya anaikagua baiskeli.

Alipopata nguvu, Bi Aziza akasali palepale, amekaa. Kisha akaniita karibu, akanionyesha jua kwa kidole. "Tazama lilipo. Huku kiangazi jua linachelewa. Adhuhuri inakwenda mpaka saa kumi na mbili jioni. Ungeningoja, tungesali pamoja." "Na hata ingekuwa inatoka, binti yangu, mimi nilikuwa amana mkononi mwako. Usimfanye Mungu kisingizio cha kumkimbia mtu."

Ndipo nikamwambia jambo ambalo nilidhani sitamwambia mtu. Kwamba haikuwa sala peke yake. Saa moja kabla, vijana wanne walitupita kwa baiskeli zao za bei, wakamcheka na soksi zake, na mimi nikaona aibu kuwa pamoja naye. Sala ilikuja kunisafishia aibu ile, nami nikaipokea. Bi Aziza alicheka mpaka akakohoa. "Hata mimi ningejicheka," akasema. "Hebu nipe tende nyingine."

Wiki ya pili akasema tunarudi msituni. Mjomba akakataa, akasema basi, baiskeli nitaiuza. Yeye akasema, "Utaiuza ukimaliza kunifungia tairi jipya." Na siku ile akaniweka mimi mwisho wa msafara. Yeye katikati, mimi nyuma. "Nenda polepole," akaniambia, "usinipite." Kila nilipotokeza penye njia mbili namkuta amesimama, mguu mmoja chini, anahema, ananitafuta kwa macho. Akiniona ananyanyua mkono. Kila mara, mwanangu, nilijisikia kama nimefika kwetu. Alikufa miaka mingi baadaye, kitandani kwake, na mjomba pembeni.

Sasa nikuambie ninachotaka. Mji huu una njia panda nyingi kuliko msitu wowote. Treni, lifti, milango ya masoko, ofisi za kago za kusafirishia mizigo, maneno ya Kichina ambayo mimi nimeyapata kidogo kidogo kwenye darasa la jioni. Wewe ukishajua njia unasahau kwamba kuna siku hukuijua. Usimwambie mgeni "nifuate" halafu ukageuza mgongo. Kumtumia ramani kwenye simu isiyo na laini ni kuchora mshale mchangani. Simama. Mngoje mpaka akuone, na wewe uone kwamba amekuona. Kama umechoka naye, niambie nimpeleke mwenyewe, lakini usiniletee sababu nzuri nzuri. Nazijua zote, nilizitengeneza mimi.

Bi Mwanahamisi alizunguka kule chini kwa muda wa saa mbili mpaka mfanyakazi wa stesheni akamleta kwa mkono. Ameniambia ameshafunga begi, anataka kurudi Tanga kabla hajanunua kitu, kwamba mji huu haumtaki. Hilo mimi siwezi kulitengeneza, mwanangu. Ni wewe. Nenda hotelini kwake leo, usiende na wenzako. Usijieleze. Mwombe radhi, mchukulie mkoba, mtembee kwa hatua zake.

Mwenyezi Mungu akulainishie moyo, Nasra wangu, akupe macho ya kutazama nyuma. Akuwekee watu wa kukungoja popote utakapofika umechoka, na asipotee hata mmoja aliyekabidhiwa kwako. Amina. Chai iko kwenye chupa, kunywa kwanza ndiyo uende.