Viti vya Mama Vilivyotolewa Sebuleni

Sijawahi kumchukia mtu kwa sababu ya rangi ya ukuta, lakini yule dalali alinifikisha hapo. Siku ya kwanza alisimama katikati ya sebule ya mama yangu, mtaani Niboye hapa Kigali, akazungusha macho taratibu, kisha akauliza kama ile kijani tuliipaka kwa makusudi.

Ndiyo, kwa makusudi. Mama alizaliwa Karagwe, kama mimi, na tuliporudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, aliijenga nyumba ile kidogo kidogo kwa biashara ya vitenge. Mwaka huu madirisha, mwaka mwingine dari, na ukuta ulipopata plasta akaupaka kijani cha migomba aliyoiacha kule. Ukuta ulikuwa wake na rangi ilikuwa yake. Sikuona dalali anahusika vipi.

Ila nyumba ilikuwa inauzwa, na hilo mama alilitaka mwenyewe. Magoti yake yamekataa. Nyumba iko chini ya barabara, na kuifikia lazima ushuke ngazi za mawe ambazo mvua ikinyesha hata mbuzi angesita. Kaka yangu anaishi Ndera, mahali tambarare, na amemtengea mama kipande cha kupanda maharage. Mama alikubali kuhama na akatoa sharti moja tu: nyumba yake atamuuzia mtu ambaye yeye mwenyewe amemkaribisha, akakaa, akanywa kitu. Kwetu mgeni hatoki na koo kavu, hata kama amekuja kukugombeza.

“Nitajuaje ninamwachia nani,” alisema, “kama sijamwona amekaa?”

Mimi niliona ni sharti jepesi. Dalali aliona ni ushamba.

Alianza na rangi. Kijani kikafunikwa kwa kijivu, maana alisema kijivu ndicho wanachotaka watu wenye hela, na sebule ikafanana na chumba cha kusubiria daktari. Picha za harusi zikashushwa, za mahafali pia, na kalenda ya parokia. Jiko la mkaa likafichwa nyuma ya tangi la maji, na tukakatazwa kuchemsha maharage siku za wateja, ati harufu inashusha bei. Akaleta meza ya kioo ya kuazima na maua ya plastiki. Maua ya plastiki, katika nyumba ambayo nje ya mlango wake pana waridi alilolipanda mama kwa mikono yake! Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akacheka, akasema Kigali ya sasa hata kizuri kinatembezwa.

Kisha akageukia viti. Mama ana viti vinne vya mbao na makochi mawili, vyote vimevalishwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Kochi moja lina springi iliyochomoka, na sisi wa nyumbani tunajua kulikwepa. Dalali akasema vyote vitoke ili sebule ionekane kubwa. Vikapelekwa stoo ya jirani, ng’ambo ya kichochoro. Vikabaki kijivu, kioo na plastiki.

Nilidhani amemaliza. Akanivuta pembeni kwenye ngazi, akapunguza sauti. Alikulia upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko kilichochanganyika na cha hapa.

“Dada, nyumba iko sawa. Shida iko mukecuru. Mteja akimuona bibi mzee anakaa hapo, anasema hii familia iko na maneno, kesho watoto watanipeleka mahakamani. Siku ya wateja, mumutoe kidogo.”

Yaani mwenye nyumba naye atolewe, afuate makochi yake. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini kaka yangu, nilipompigia simu, alisema dalali anajua kazi yake na mimi nipunguze jazba. Tukamwambia mama kwamba hawa wa mwanzo wanakuja kuchungulia tu, na mnunuzi wa kweli ataletwa kwake akae. Mama akachukua fimbo yake, akaenda kwa jirani.

Basi wakaja. Waliingia na viatu vyao hadi chumbani kwa mama, wakafungua kabati, wakabonyeza godoro, wakafungua bomba na kulifunga. Mmoja alimwambia mke wake kwa Kinyarwanda, mbele yangu, kwamba choo hicho ni cha kizamani, kana kwamba mimi ni pazia. Walitazama, wakaondoka. Na mama, dirishani kwa jirani, alikuwa anaona kila kitu.

Jioni aliporudi aliniuliza nimewapa nini. Nikasema sikuwapa kitu. Akauliza walikaa wapi. Nikaonyesha sebule. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kwa kuwa hapakuwa na pengine, akasema hajawahi katika maisha yake kuacha watu waingie kwake na kutoka midomo mikavu, na kwamba wale watu sasa watakuwa wanamsema. Nikamwambia hawamjui hata jina. Akasema hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Mwenye nia ya kununua kweli alikuja siku moja na dalali, akitokea ofisini kwake Kacyiru, mzee wa makamo, mpole, na tai shingoni. Nilimfungulia mlango. Hakuingia. Alitembea kando ya ua, akapima mteremko kwa macho, akauliza lori linaweza kufika mpaka wapi. Nikamwambia karibu ndani, baba, uone vyumba. Akanijibu kwa adabu kwamba nisihangaike. Nyumba hataihitaji, ataibomoa ajenge ghorofa.

Nilimgeukia dalali. Alikuwa anatazama simu yake. Nilipombana ikaonekana alijua habari ya kubomoa tangu alipoongea na huyo mteja mara ya kwanza, na tena wengi wa wateja wake wanatafuta viwanja tu. Kupaka rangi, alisema, ni utaratibu wake kwa kila nyumba. Kijani cha mama kilifunikwa kwa ajili ya tingatinga.

Sikusikia geti la jirani likifunguka. Mama, aliyekuwa amesikia yote dirishani, alikuja polepole, fimbo kwanza, akamsalimu mgeni vizuri, akamwuliza habari za nyumbani. Halafu akamtazama dalali.

“Kijana, kama huyu baba anataka udongo tu, mimi nilifichwa ya nini?”

Dalali akarudisha macho kwenye simu. Yule mzee ndiye aliyeshtuka.

“Walikuficha, mubyeyi?” aliuliza, kwa neno la heshima tunalomwitia kila mzazi.

Mama hakutaka kumwelezea mambo yetu. Akamwambia arudi Jumapili baada ya ibada, viti vyake vitakuwa vimerudi, kwa sababu yeye haongei habari za nyumba na mtu aliyesimama.

Jumamosi yote nilibeba viti. Nilivibeba kwa hasira, na hasira ni msaada mzuri kwenye kubeba makochi. Tulifua vitambaa, tukavipiga pasi. Ile meza ya kioo niliitoa nje na maua yake juu.

Jumapili yule mzee alikuja na mke wake. Wakakaa, wakanywa chai ya maziwa. Mama akawauliza kwao ni wapi na watoto ni wangapi, kisha akauliza nani atakaa kwenye hiyo ghorofa. Familia, akajibiwa. Akauliza kama itakuwa na ngazi. Nyingi, mzee akakiri. Mama akacheka, akasema Mungu awahurumie magoti yao, basi, atauza. Alimwambia pia kwamba ni afadhali mtu anayekaa na kukuambia atabomoa kuliko anayesimama kukusifia rangi.

Dalali alikuwa mlangoni, hajui aingie au atoke. Mama akamwita ndani, akasema hata yeye ni mgeni, akaniambia nimpe mahali pa kukaa.

Nikampa kochi lenye springi. Mama aliniona, akaendelea kumimina chai.