Kifuniko Kibichi

Blanketi lilikuwa linapungua. Mtu akiambiwa hivyo anaweza kucheka, maana kitu kinachofumwa kazi yake ni kuongezeka, lakini yeye alikuwa ameandika daftarini, na daftari halikuwa na sababu ya kumdanganya. Jumatatu alasiri aliacha mstari wa sitini na nne. Jumanne alasiri alipoketi na kulitoa blanketi, akahesabu hamsini na nane. Akahesabu tena, safari hii kwa kugusa kila mstari kwa ncha ya sindano. Hamsini na nane.

Mtaani walimwita Bi Masjala, kwa sababu alikaa miaka thelathini na mmoja katika masjala ya shule ya sekondari, chumba chenye makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi darini, na halikupata kupotea faili mikononi mwake. Isipokuwa moja tu, na hilo alilipata chini ya mto wa kiti cha mkuu wa shule mwenyewe. Tangu siku ile aliamini jambo moja tu kuhusu vitu vinavyopotea: havina miguu.

Alipostaafu aliogopa kukaa bure, akajitafutia kazi mbili za kujifurahisha. Ya kwanza ilikuwa kufuma, aliyofundishwa na mama yake tangu utotoni. Ya pili ilikuwa ufinyanzi, aliojifunza ukubwani katika darasa la jioni la chuo cha ufundi, ambako mpaka leo alipeleka vyombo vyake mara moja kwa mwezi vikachomwe kwenye tanuri la umeme. Watu walimwambia achague moja. Lakini aliyesema hivyo hajawahi kupenda vitu viwili. Yeye alizigawia saa kama mke anayegawa chakula kwa watoto wawili wenye wivu. Asubuhi ilikuwa ya udongo, nyuma ya nyumba barazani, maana udongo haungoji, ukiuacha wazi unakauka na kupasuka. Alasiri ilikuwa ya uzi, chumbani, kwenye chumba kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Katikati ya hapo alinawa, akasugua vidole kwa brashi, akajipaka mafuta ya mgando na kusubiri yakolee, kwa sababu mkono uliotoka kwenye udongo unakuwa mkavu na unakwaruza, ukishika uzi unauvuta kama mwiba. Na ili vumbi lisifike kwenye uzi, alifinyanga mtungi wa mdomo mpana wenye kifuniko, ndimo lilimolala blanketi pamoja na mabonge yake.

Blanketi lenyewe lilikuwa la mjukuu wa kwanza, ambaye binti alikuwa bado amembeba tumboni. Rangi aliichagua binti: bluu iliyoiva, karibu nyeusi. Alisema haishiki uchafu. Nakshi ilikuwa vijumba vijumba kama ubao wa drafti, vinne vya kutuna na vinne vya kubonyea.

Mtu wa kwanza kushukiwa hakuwa mtu, alikuwa paka wa jirani. Lakini paka hafunui kifuniko, halafu akakirudisha. Akamshuku muuza nyuzi, kwamba labda uzi wake ukipata unyevu hujikunja, kisha akajiona mjinga mwenyewe, maana uzi ukijikunja mistari haipungui, inasogeleana tu. Jumatano alikuta imepungua minne. Alhamisi hakupungukiwa na kitu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, kwa sababu mwizi anayepumzika ni mwizi anayejua anaangaliwa.

Ndipo macho yake yakamwendea wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa mumewe, mjane, aliyewahi kuwa mpishi wa bweni. Alikuja miaka miwili nyuma na masanduku matatu na sauti iliyozoea kuita wasichana mia mbili waje kula. Hakuwa na kwingine. Nyumba aliyoishi na marehemu ilichukuliwa na ndugu wa marehemu, na watoto hakuwa nao. Wawili hawa hawakuwahi kugombana, ila walitaniana kwa namna ambayo mgeni asingejua kicheko kinaishia wapi. Wifi alikuwa na mazoea ya kupita ukumbini na kusema, "Bado unamfumia yule? Atazaliwa, atakua, ataoa, wewe uko kwenye upindo." Zamani Bi Masjala alicheka. Sasa aliyasikia maneno yale upya, kama mtu anayefungua faili la zamani akijua anachotafuta.

Akaanza kuangalia. Asubuhi, yeye akiwa barazani na mikono imezama kwenye udongo hadi vifundoni, uzi ulibaki peke yake chumbani. Ni nani aliyekuwa ndani saa zile? Mumewe, fundi simu mstaafu, mtu wa kusoma gazeti kuanzia tangazo la vifo. Huyo hakumhesabu. Na wifi. Akasikia miguu ya wifi ukumbini ikisimama penye mlango wa chumba, kisha ikiendelea. Akamkuta mara moja akinong'ona na kaka yake jikoni, na alipoingia wakanyamaza, wifi akaanza kukisifia kitunguu. Kiti cha kufumia kilikutwa kimesogea kuelekea dirishani. Alikirudisha. Kesho yake kimesogea tena.

Wiki tatu zikaenda hivyo. Akamnyima wifi maneno, akabakiwa na "ndiyo" na "hapana" na "chai ipo". Wifi naye akaenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Na Ijumaa moja Bi Masjala akamwambia mumewe kwamba Jumapili wakimaliza kula ana neno, na neno lenyewe linahusu nani abaki kwenye nyumba hii na nani aondoke. Mumewe aliteremsha gazeti. Aliuliza neno gani. Akaambiwa asubiri Jumapili. Mzee wa watu hakugeuza ukurasa tena asubuhi ile.

Lakini mtu wa masjala hapeleki shitaka bila kielelezo. Akafikiri namna ya kukipata, na akakipata kwenye udongo.

Alifinyanga kifuniko cha pili cha ule mtungi, sawasawa na cha kwanza, na kirungu chake cha kushikia juu. Akakiacha kikaze kidogo tu, kiasi cha kubebeka, ila kiwe bado kibichi. Mtu akikiinua kwa nguvu ya kawaida, kidole gumba chake kitaacha shimo. Akatandika karatasi ya nailoni juu ya blanketi lisipate unyevu, akafunika kwa hicho kibichi, akakificha kile cha zamani kabatini. Jumamosi asubuhi akaenda barazani kama kawaida, akakanda udongo kwa kelele makusudi, ili wa ndani wajue ana shughuli.

Saa nne aliingia. Kirungu kilikuwa kimeminywa. Upande mmoja palikuwa na alama pana, ya kidole gumba kinene. Akahesabu mistari: imepungua mitano. Moyo ukampiga, na si kwa huzuni. Vidole vya wifi vilikuwa vinene vya mtu aliyekoroga masufuria ya bweni maisha yake yote.

Ikabaki kulinganisha. Adhuhuri binti alikuja, kama alivyokuja kila Jumamosi, akijishika kiuno. Bi Masjala akawakusanya wote barazani na kuwaambia ametengeneza vikombe vya nyumba, kila mtu achape kidole gumba kwenye chake kabla hakijakauka, iwe alama yake. Sauti ilikuwa tamu kupita kiasi. Binti akachapa. Mume akachapa, akafuta kidole kwenye suruali. Wifi akarudisha mikono nyuma.

"Mimi kikombe changu cha plastiki kinanitosha," alisema.

"Ni alama tu, wifi."

"Alama huchapishwa wafungwa. Mimi bado sijahukumiwa, au nimehukumiwa sikuambiwa?"

Akaingia ndani. Bi Masjala hakumzuia. Kukataa kule kulimtosha, ni kama kusaini. Lakini kwa ukamilifu wa kazi alichukua kifuniko na vikombe viwili, akaenda navyo chumbani, akamwita binti amsaidie. Alijaribu kwanza mwenyewe. Alama zilimjia kama zimefunikwa na mvuke. Akasogea dirishani, bado mvuke. Aliyeshika kifuniko, aliwaza, amekisugua makusudi ili asijulikane. Alipitisha ncha ya kidole shimoni, akakuta mfereji mwembamba, akadhani punje ya mchanga imeburuzwa.

"Niangalizie," akamwambia binti. "Hii si yako wala ya baba yako, sivyo? Nataka uniambie hivyo tu, na kesho uwe shahidi."

Binti alitazama mara moja, wala hakuinama.

"Mama, hii ni ya baba."

"Angalia vizuri."

"Si hili kovu lake la waya? Hili hapa, limekata kidole kizima. Na hapa kwenye kikombe ni lilelile." Akamgeukia mama yake polepole. "Mama. Hulioni?"

Kovu lile alilifahamu kuliko kitu chochote katika mwili wa yule mzee. Ni yeye aliyelifunga kitambaa siku waya wa simu ulipomkata, mwaka wa pili wa ndoa yao. Akakisogeza kifuniko karibu na pua. Akakisogeza mbali. Palikuwa na shimo, na ndani ya shimo palikuwa na ukungu.

 Alisema tu, "Niitie baba yako."

Mzee alikuja akasimama mlangoni, akaona kifuniko mikononi mwa mkewe, akajua. Alikiri bila kuzungushwa, kwa sauti ya chini. Alisema alianza mwezi mmoja uliopita, alipoliona blanketi juu ya kiti na vijumba vyake vimeparaganyika, cha kutuna kimeangukia penye cha kubonyea, na vitanzi viwili vimedondoka vikining'inia. Kufuma hajui. Lakini alifanya kazi kwenye kebo zenye nyaya mia kadhaa, anajua kurudi nyuma mpaka mahali ambapo kila kitu kiko sawa. Basi alifumua mpaka mstari mzuri wa mwisho, akavirudisha vitanzi kwenye sindano kimoja kimoja, akauzungusha uzi kwenye bonge lake. Siku ambayo hapakuwa na kosa hakugusa. Kiti ni yeye aliyekisogeza, apate mwanga yeye, na mkewe naye aupate.

"Na leo hukuona kifuniko kibichi?"

"Niliona kina maji. Nikadhani umekiosha."

Binti alitaka kucheka, akajizuia. Bi Masjala akauliza mbona basi vikombe haviharibiki, mbona hakuna aliyemrekebishia vikombe.

"Vikombe unafinyanga umefumba macho," mzee alisema. "Nimekuangalia. Unafumba kabisa, mikono inaendelea. Tena siku hizi unakaa na udongo mpaka saa saba. Zamani saa nne na nusu umekwisha nawa."

Hilo alikuwa halijui. Alidhani anagawa sawasawa. Sasa akakumbuka kwamba kila siku alipata sababu ndogo ya kuchelewa barazani: mkono wa kikombe haujakaa, bakuli linataka kulainishwa. Na kila alipofika kwenye uzi alikuwa na saa moja tu, na hiyo moja ilimchosha kichwa, akasema ni joto.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee akatazama sakafu. Akamkumbusha maneno yake mwenyewe, kuhusu mama yake, yule aliyemfundisha kufuma, alipopoteza macho. Walimkalisha kwenye kiti cha pembeni, wakamwondolea sindano asijichome, na akakaa pale miaka sita mikono imelala mapajani. Bi Masjala alikuwa amesema siku walipotoka kumzika: atakayeniambia sioni, nitajua ameanza kunizika. "Sikutaka niwe mimi," alisema mzee. "Nilikuwa natafuta maneno. Dada yangu alinikamata wiki ya pili, akaniambia niseme. Kila siku jikoni ananiambia niseme. Nikamwomba asinitangulie."

Kwa hiyo wifi alijua. Alijua alipotazamwa vibaya mezani, alijua aliponyimwa maneno, alijua hata hapo barazani alipoambiwa achape kidole. Sentensi moja ingemsafisha, na hakuisema.

Jumapili walikula wanne, binti akiwa amelala hapo tangu jana. Lile neno lililotangazwa lilikuwa limekaa mezani kama mgeni wa tano. Wifi alikuwa amevaa gauni lake la safari, na ukumbini, mtu akigeuka, aliona masanduku mawili kati ya yale matatu yameshafungwa kamba. Alikuwa amesikia habari ya nani abaki na nani aondoke, akajipimia mwenyewe. Mzee alishika kijiko bila kukitumia.

Bi Masjala alisukuma sahani yake mbele.

"Wifi. Jumanne una kazi?"

"Kazi gani niliyo nayo mimi."

"Nataka kwenda kwa daktari wa macho. Barabara ile ya magari mawili mawili siioni vizuri. Nishike mkono."

Wifi akasogeza kiti nyuma. "Nikushike mkono, halafu ukirudi uhesabu vidole, useme nimekuibia kimoja?"

"Nitahesabu," Bi Masjala alisema. "Hiyo tabia sitaiacha." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo hata mumewe hakuizoea, "Nimekukosea, wifi. Fungua masanduku."

 Wifi aliinuka, akakusanya sahani, na akiwa njiani kwenda jikoni akasimama barazani penye kikombe kilichokuwa chake. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Udongo ulikuwa umekwisha kukaza, haukuingia. Akalalamika kwa sauti ya bweni kwamba hata kikombe kimemkataa. Bi Masjala akaja akipapasa ukuta, akachovya kitambaa majini, akakilaza juu ya udongo ule, na wote wawili wakasimama pale wakingoja ulainike.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa. Alipangiwa upasuaji mwezi uliofuata. Katikati ya hapo binti alikubali blanketi liendelee kwa uzi wa rangi ya maziwa, ambao hata macho yenye ukungu yanauona, kwa hiyo likatoka nusu usiku nusu mchana, na kiti kikahamia dirishani moja kwa moja. Kifuniko kibichi kilichomwa pamoja na vikombe, na alama yake ya kidole. Kimekaa juu ya mtungi mpaka leo.

Alasiri moja kabla ya upasuaji alilitoa blanketi, akahesabu kwa kidole, akafungua daftari akampa wifi amsomee. Alikuwa ameacha tisini na mbili. Ilikuwepo tisini na mbili. Akamgeukia mumewe aliyekuwa nyuma ya gazeti.

"Na wewe, umeacha kukagua?"

"Nimekagua," mzee alisema. "Iko sawa."

Bi Masjala akahesabu tena.