Magego ya Shemeji Rwegasira

Shemeji yangu Rwegasira wa Ijuganyondo, kaka wa marehemu mume wangu, alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu, na hakuna mdomo aliouacha salama. Mbuzi wa jirani, mbwa, watoto wangu, wote aliwashika taya akawachungulia. Kabatini kwake kuna mafuvu mawili, la mbwa na la mbuzi, na kila mgeni lazima ayaone.

"Agnetha, tazama," ananiambia, kana kwamba sijaonyeshwa mara mia. "Meno ya mbele yanakata. Chonge zinachana nyama, ndiyo maana za mbwa ni ndefu. Mbuzi huku juu mbele hana jino hata moja, ana ufizi mgumu tu, lakini nyuma kuna magego mapana ya kusaga. Mng'oe hayo uone kama atamaliza mwaka."

"Na wewe shemeji, nani anakukagua?" namtania. Anacheka, meno ya mbele meupe kama ya kijana, nasi tukaamini na huko nyuma ni hivyo hivyo.

Mwanangu Derick alipopata mchumba Muleba, shemeji ndiye akawa msemaji wetu. Tulipokelewa vizuri, sebule imetandikwa nyasi mbichi. Baba wa binti, Mzee Mutalemwa, akachukua kahawa kavu kwenye kikapu kidogo, akatafuna kwanza yeye, kisha akamnyooshea shemeji. Kwetu mgeni hatafuni kahawa kwa sababu ya njaa. Anatafuna ili mwenyeji ajue amekuja kwa moyo safi.

Shemeji akatia punje tatu mdomoni, akafumba. Nilisubiri kusikia zikivunjika, sikusikia kitu.

"Haya, tuambieni kilichowaleta," akasema Mzee Mutalemwa.

Shemeji akaanza kwa sauti nzito, shavu limevimba. Hakufika mbali. Kahawa ikamdondoka juu ya nyasi, imelowa, nzima kama ilivyoingia.

Baba mdogo wa binti akakivuta kikapu nyuma.

"Kahawa yangu ina nini, Mzee?" Mutalemwa akauliza taratibu.

Nilitamani ardhi inimeze, na hasira zikanipanda. Derick alikuwa amekodolea macho pazia la mlango, maana nyuma yake Evelyne wake alikuwa akisikia yote. Nikaanza kutunga uongo wa kidonda cha mdomo, lakini shemeji akaniwahi.

"Waitu, mzee mwenzangu, sogea uangalie mwenyewe," alisema. Akageukia dirishani penye mwanga, akainua kichwa, akaachama. Mtu aliyefungua midomo ya wote, leo akafungua wake mbele ya wenyeji wetu. Mzee Mutalemwa akainama, akachungulia kwa muda.

"Huku nyuma hamna kitu," akasema kwa mshangao.

"Yaling'olewa yote, moja baada ya jingine," shemeji akajibu. "Haya ya mbele yanakata tu, hayasagi. Sikumwambia hata Agnetha. Nimeimba watu watunze meno tangu ujana wangu, ningeonekanaje? Nikasema nitaificha shavuni. Sikuidharau kahawa yako."

Nilimwonea huruma. Kumbe ndiyo maana kwangu siku hizi alikuwa akikataa nyama na kuomba ndizi zilizopikwa zikalainika.

Mzee Mutalemwa alikirudisha kikapu katikati. "Evelyne!" akaita. "Chukua kahawa, uitwange."

Tukasikia kinu kikigonga uani. Binti akaingia na unga wa kahawa juu ya kipande cha jani la mgomba, akapiga magoti, akampa shemeji kwa mikono miwili. Shemeji akautia mdomoni wote, akaumung'unya polepole, akameza.

"Sasa sema," Mzee Mutalemwa akamwambia. "Mmefuata nini kwangu?"

Shemeji akajifuta midomo, akamwangalia Evelyne aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Tumemfuata huyu aliyenisagia."