Mfumo Uliomsubiri Mama

Tulipoanza kuchagua mfumo wa kompyuta wa kutunzia kumbukumbu za wagonjwa, baba alitoa sharti moja tu: mgonjwa wa majaribio awe mama. Zahanati ilikuwa yake, pale Maganzo, na mimi bintiye, tabibu kama yeye, ndiye niliyemchosha kwa maneno hadi akakubali kuachana na mafaili. Mama alikuwa anaumwa kitu, hilo nililijua. Alikuwa akitembea kama anayekanyaga miiba, na kila nikimuuliza alinifukuza jikoni. Methali ya mficha maradhi alikuwa akiwahubiria wengine tu.

Muuzaji wa kwanza alikuja na tai, kwenye jua lile. Akamwamkia mama vizuri, shikamoo, akafungua kompyuta.

"Mama, unasumbuliwa na nini?"

"Mhola duhu," mama akajibu. Salama tu. Msukuma akiulizwa hali hajibu vingine, hata kama ameletwa kwa machela.

Mfumo ulikataa kusonga mbele bila tatizo kuandikwa, basi yule kijana akaandika "uchunguzi wa kawaida", akapima presha, akafunga ukurasa. Mama akashukuru, akakaza kitenge, akainuka aende zake. Wa pili naye akafanya vivyo hivyo, ila yeye hakuwa na tai.

Baba akavuta kiti. "Kaa kwanza, mama watoto."

Akamuuliza mvua imenyesha kwa kina nani. Akauliza ng'ombe, ndama, mahindi, msiba wa jirani. Mhola, mhola. Miaka yote nilimcheka baba kwa salamu hizo ndefu, huku nje wachimbaji wa almasi wakinuna kwenye foleni na vumbi lao. Kisha akauliza, kama mtu aliyekuwa amesahau, "Na miguu?"

Mama akavua kiatu. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, kimeanza kunuka, na sukari tulipoipima ilikuwa juu mno. Mguu ulipona kwa sababu tuliuwahi.

Tukachukua mfumo wa tatu, uliokubali kisanduku cha kwanza, cha tatizo la mgonjwa, kibaki kitupu mpaka mwisho wa mazungumzo. Muuzaji wake alidhani tumependa rangi.

Siku hizi kiti cha baba nakikalia mimi. Tulimzika shambani kwake, na hakuna asubuhi inayopita bila mimi kuitamani sauti yake ikiuliza habari za ndama. Mama huja kila mwezi kupimwa. Juzi nilimuuliza mvua, ng'ombe, mahindi, mguu. Mhola, mhola. Sukari nzuri, presha nzuri, kidonda kimebaki kovu. Mikono yangu nilikuwa nimeipakata, mbali na kompyuta.

"Na nyumbani?"

Akakitazama kiti nilichokalia. "Nyumbani kimya mno, mwanangu."

Nikaandika hivyo hivyo, kwenye kisanduku cha tatizo la mgonjwa. Penye matibabu nikaandika kwamba leo nalala kwake.